Chumba cha hoteli: siri ya msafiri si mali ya mapokezi

Kule Goma, Bunia, Butembo ao Bukavu, msafiri anayetafuta chumba cha hoteli kwa simu anaweza kupata jibu fupi: atume picha ya kadi ya uchaguzi kwa WhatsApp. Wengi wanatuma bila kuuliza.

Kadi hiyo, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho, inabeba jina, sura, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Picha yake inaingia katika simu ya mtu wa mapokezi, pengine simu yake mwenyewe, na inaweza kubaki humo hata baada ya mgeni kurudi kwao na mfanyakazi kuacha kazi.

Hoteli ina haki ya kujua inamlaza nani. Vyombo vya usalama navyo vina kazi yao, zaidi katika majimbo yenye vita. Lakini kumtambua mgeni si sawa na kumtangaza. Daftari likiachwa wazi juu ya meza, kila anayekuja kujiandikisha anasoma nani amelala chumba cha 7, ametoka wapi, ana nambari gani ya simu na ataondoka lini. Kwa mfanyabiashara anayebeba pesa za bidhaa, mwanamke anayesafiri peke yake, mwandishi wa habari ao shahidi anayekwenda mahakamani, mstari mmoja wa daftari unatosha kuleta hatari.

Mashariki mwa inchi kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Mji unapobadilisha wakubwa, madaftari yanabaki pale pale. Orodha iliyoandikwa chini ya utawala mmoja inaweza kusomwa na mwingine. Habari ambayo haikuombwa bure haiwezi kumsaliti mtu.

Sheria haikosi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu na mawasiliano yake. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za mtu binafsi. Kinachokosa ni utekelezaji. Karatasi ya sheria iliyoko Kinshasa haifungi daftari lililo wazi kule Beni.

Na isisemwe kwamba hilo ni tatizo la hoteli ndogo tu. Mwaka 2018, kampuni ya Marriott ya Marekani ilitangaza kwamba wezi wa mitandao waliingia katika hifadhi ya habari za wageni wake wa Starwood. Nambari za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa humo bila kufichwa. Kama kampuni tajiri kama ile ilipoteza siri za wageni, simu ya mfanyakazi mmoja italinda nini?

Wenye hoteli wanaweza kuanza leo, tena bila gharama kubwa: fishi moja kwa kila mgeni pahali pa daftari la wote, kabati lenye kufuli, simu ya hoteli badala ya simu ya mtu, na amri kwamba nambari ya chumba haitajwi kwa sauti wala haipewi mtu anayepiga simu.

Msafiri naye ana sehemu yake. Aombe kuonyesha kadi mwenyewe akifika. Kama ni lazima kutuma picha, aandike juu yake jina la hoteli na tarehe, ao atumie picha ya kuonwa mara moja. Pesa ailipe kwa nambari ya hoteli, si ya mfanyakazi.

Serikali, kwa upande wake, iwaambie wenye hoteli wazi: habari gani ziombwe, nani ana haki ya kuziona, na zitunzwe kwa muda gani. Mgeni analipa chumba ili apate mlango unaofungwa. Jina lake pia listahili kufungiwa.