Soma Bahasha, Barua Waachie Wenyewe

Leo nina neno na mafundi wenzangu wa mitandao. Kuna tabia imetuingia. Mtandao wa ofisi ukizorota kidogo, fundi anaingia kwenye ruta, anaanza kunasa pakiti bila kichujio chochote, anaiacha ikinasa usiku kucha, na kesho yake anaondoka na faili ya gigabaiti kadhaa kwenye flashi diski. Muulize anatafuta nini, atakwambia, "Nitaona nikiifungua." Huo si uchunguzi. Ni kuvua bahari nzima kwa sababu ya dagaa mmoja, tena bahari yenyewe ni mambo ya watu.

Kwa asiye wa fani hii: kila kinachopita mtandaoni hukatwa vipande viitwavyo pakiti. Kila pakiti ina kichwa, na kichwa ni kama bahasha: kinasema imetoka wapi, inakwenda wapi, ni ya ngapi, ina urefu gani. Barua imo ndani. Dai langu ni kwamba matatizo mengi tunayoitiwa husomeka kwenye bahasha peke yake.

Chukua kisa cha chama kimoja cha akiba na mikopo kinachotumia programu niliyowaandikia. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka bila shida, lakini ripoti ya mwezi ikiitishwa, inakwama. Ping ilijibu vizuri. Mtoa huduma wao wa intaneti aliwashauri wanunue kifurushi kikubwa zaidi, nao wafanyakazi wakashikilia kuwa programu ndiyo mbovu. Yaani ama wanachama walipie kasi wasiyoihitaji, ama mimi nipoteze kazi.

Tulinasa kwa dakika 2 tu, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwenye seva amri ilikuwa hii, anwani ya ofisi nimeibadilisha:

tcpdump -ni eth0 -s 96 -w ripoti.pcap host 203.0.113.7 and port 443

Hiyo -s 96 ndiyo roho ya jambo. Inaamuru zihifadhiwe baiti 96 za mwanzo za kila pakiti. Etheneti inachukua 14, IP ya toleo la 4 kwa kawaida 20, na kichwa cha TCP hakizidi 60. Jumla 94. Urefu wa pakiti nzima umeandikwa kichwani, kwa hiyo hata ukiikata bado unaujua.

Seva ilionekana ikituma kipande kilekile chenye baiti 1460 za data, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ruta ya ofisi vipande vidogo vilifika, vikubwa havikuonekana kabisa. Ofisi ilikuwa kwenye laini ya PPPoE, ambayo hubeba pakiti zisizozidi baiti 1492. Pakiti ya 1500 haipiti, na ujumbe wa ICMP wa kuiambia seva ipunguze ukubwa ulikuwa ukitupwa na fayawoli fulani njiani. Tukaiwekea ruta kikomo cha MSS cha 1452, ripoti ikafunguka. Hakuna aliyesoma akiba ya mtu.

Ruta yao ilikuwa MikroTik, kama zilivyo ofisi nyingi ndogo. Humo kuna /tool sniffer, na only-headers=yes hufanya kazi hiyohiyo. Weka na filter-ip-address, kisha file-limit, maana aina ndogo za ruta hizo zina hifadhi ya megabaiti 16 tu. Jambo moja linalowachanganya wengi: pakiti zinazopitishwa na chipu ya swichi bila kufika kwenye prosesa hazionekani kwenye sniffer. Usikimbilie kusema hazipo. Wenye Cisco za IOS XE wana monitor capture, nayo unaweza kuiwekea muda wa kukoma. Uweke. Fundi huitwa kwingine akasahau.

Najua jibu litakalokuja: siku hizi kila kitu kimesimbwa, hakuna cha kuibwa. Kama hakisomeki, ndugu yangu, unakibebea nini? Na si kweli kwamba kila kitu kimesimbwa. Ndani ya ofisi bado zipo simu za mtandao zinazopita wazi, na Wireshark inaweza kukuchezea mazungumzo hayo kama redio. SNMP toleo la 2c hupitisha neno lake la siri bila kulificha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za watu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Mwenye faili ya usiku kucha atajieleza vipi?

Kuna wakati bahasha haitoshi. Majibu ya DNS, kwa mfano, yamo ndani ya barua, na baiti 96 zitayakata. Hapo omba ruhusa kwa maandishi, taja mashine na dakika, nasa, soma ukiwa palepale ofisini, kisha ufute mbele ya mwenye mali. Faili hiyo haina kazi kwenye flashi diski yenye nyimbo zako za rhumba.