Tangazo na Fasili: Mafaili ya Vichwa katika Lugha ya C

Wanaisimu chipukizi wanaojifunza C, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, aghalabu huandika programu nzima katika faili moja. Hakuna ubaya, mradi programu iwe moja tu. Tatizo huzuka pale fanksheni iliyomo inapohitajika kwingineko.

Tuseme ni fanksheni ya kuhesabu mizani za mshororo. Mwandishi wake huanza kwa kuhesabu irabu, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Huinakili katika programu ya kukagua arudhi, kisha katika nyingine ya kuchunguza diwani nzima. Baadaye hutanabahi kwamba "mtu" na "nchi" yana silabi mbili kila moja ilhali irabu ni moja. Hurekebisha nakala moja, akaisahau ya pili. Shairi lile lile sasa lina mizani tofauti katika programu mbili, na kompaila hailalamiki. Utafiti uliojengwa juu ya hesabu hiyo umeharibika kimyakimya.

Dawa ni kutenganisha tangazo na fasili. Faili la kichwa, mizani.h, hubeba tangazo: jina la fanksheni, inachopokea na inachorudisha. Mwili hukaa katika mizani.c. Kila programu inayoihitaji huandika #include "mizani.h", kisha huunganishwa na mizani.c. Masahihisho hufanywa mahali pamoja.

Wanagenzi wengi hukwama hapa: huutia mwili wenyewe ndani ya mizani.h. Mafaili mawili ya programu moja yakilijumuisha, kiunganishi (si kile cha sarufi!) hugoma, kwani fanksheni imefasiliwa mara mbili. Kinga ya #ifndef haisaidii. Hiyo huzuia marudio ndani ya faili moja la.c tu.

Wapo wahadhiri washikiliao kwamba mada hii isubiri hadi mwanafunzi amudu vitanzi na safu. Hoja hiyo ina uzito katika majuma ya kwanza. Kuiahirisha muhula mzima, hata hivyo, ni kuyaacha mazoea ya kunakili yaote mizizi. Tena mwanafunzi wa Kiswahili, aliyekwisha kuzoea kutofautisha kidahizo na fasili yake kamusini, ana pa kuanzia. Zoezi la pili la muhula lingeweza kuwa hilo hilo la mizani: mizani.h, mizani.c, na faili la tatu lenye main.