Ukimya wa Macaloe usihesabiwe kuwa ridhaa

Baraza la Katiba la Msumbiji lilipotangaza Desemba 23, 2024 kwamba Daniel Chapo wa Frelimo ndiye mshindi wa urais, Maputo iliwaka. Matairi yalichomwa, maduka yakavunjwa, barabara zikafungwa kwa mawe na magogo, na siku mbili baadaye, siku ya Krismasi, wafungwa zaidi ya 1,500 wakatoroka gerezani. Kamera za dunia zilikuwa huko. Upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini, kwenye pwani ya Cabo Delgado na visiwa vyake kama Macaloe, hapakusikika kishindo cha namna hiyo.

Chapo aliapishwa Januari 15, 2025. Katika miji mikuu ya jirani faili la uchaguzi huu lilielekea kufungwa, na ilikuwapo hatari kwamba lingefungwa na sentensi moja iliyoandikwa vibaya: kwamba mijini walipinga, kaskazini walikubali. Sentensi hiyo ni rahisi kuandikwa na mtu ambaye hajauliza ni nani aliyebaki kaskazini, anaishi vipi, na mara ya mwisho alipolalamikia matokeo alilipwa nini.

Hesabu zenyewe zinajulikana. Kura zilipigwa Oktoba 9, 2024. Oktoba 24 Tume ya Uchaguzi ilimpa Chapo asilimia 70.67 na Venâncio Mondlane, aliyeungwa mkono na chama kidogo cha Podemos, asilimia 20.32. Miezi miwili baadaye Baraza la Katiba likashusha kura za Chapo hadi asilimia 65.17 na kupandisha za Mondlane hadi 24.19. Bungeni Frelimo ilitoka viti 195 hadi 171. Viti 24 vilihama kama vile karani amesahihisha jedwali, vikagawiwa Podemos, Renamo na MDM. Baraza lilisema lililinganisha karatasi za matokeo. Lakini matokeo ya kila kituo, yale ambayo mpiga kura angeweza kuyaweka kando ya karatasi aliyoiona ikibandikwa ukutani usiku ule, hayakuwekwa hadharani ili kila mtu ajionee ni vituo gani vilikosewa na ni nani aliyekosea.

Hapo ndipo hasira ya mijini ilipokolea. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walikuwa wamekwisha kusema kwamba waliona namba zikibadilishwa vituoni na wilayani bila maelezo. Na kabla hata ya Tume kutangaza, usiku wa kuamkia Oktoba 19, wakili wa Mondlane, Elvino Dias, na Paulo Guambe wa Podemos walipigwa risasi na kuuawa ndani ya gari katikati ya Maputo. Tangu hapo watu wa kawaida walijibu kwa vyombo walivyokuwa navyo. Saa tatu usiku walitoka madirishani na kugonga sufuria. Wenye magari walizima injini barabarani wakaimba wimbo wa taifa. Vijana wasio na kazi walifunga barabara, na kituo cha mpaka cha Ressano Garcia, mlango mkuu wa bidhaa za Afrika Kusini, kikasimama mara kadhaa. Polisi walijibu kwa gesi na risasi. Shirika la kiraia la Plataforma Decide lilihesabu zaidi ya vifo 300 kuanzia Oktoba 2024.

Cabo Delgado nayo haikulala yote. Kusini mwa mkoa, Chiúre iliona damu. Balama, ambako kampuni ya Syrah ya Australia inachimba madini ya grafati, wakulima wenye madai ya ardhi walizuia kazi hadi kampuni ikatangaza Desemba kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake. Montepuez wachimbaji wadogo walivamia eneo la mgodi wa rubi. Kwa watu hawa matokeo ya urais na madai ya ardhi vilikuwa jambo moja. Mtu aliyeondolewa shambani haoni tofauti kubwa kati ya aliyemnyima fidia na aliyemnyima kura, kwa sababu ofisi anayopeleka malalamiko yote mawili ni ileile.

Pwani ni habari nyingine.

Mwandamanaji anahitaji vitu ambavyo havionekani kwa sababu mijini vipo kila siku: barabara, umati, simu yenye mtandao, na nyumba ya kurudi jioni. Tangu Oktoba 5, 2017, siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, pwani hii imepoteza vingi kati ya hivyo. Vita vilipofika kilele watu karibu milioni moja walikuwa wamehama makwao. Mji wa Palma ulivamiwa Machi 2021. Januari 2024, miezi tisa kabla ya kura, wapiganaji waliingia Mucojo katika pwani ya Macomia wakakaa na kuweka sheria zao. Machi wakawa Quissanga na kisiwa cha Quirimba. Mei wakaingia mji wa Macomia wenyewe. Anayeishi kisiwani katika eneo hilo amezungukwa na bahari ambayo nayo si huru. Kwa miaka ya vita jeshi limewawekea wavuvi mipaka ya kwenda baharini, kwa hofu kwamba mashua hubeba chakula na watu wa upande wa pili. Kundi la vijana waliokusanyika ufukweni usiku wakigonga sufuria, huko, lingeweza kudhaniwa kitu kingine kabisa.

Halafu kuna suala la kadi. Kwa mtu aliyekimbia na nguo alizovaa, hati zimebaki kwenye nyumba iliyoungua. Bila kitambulisho kila kizuizi cha barabarani ni mtihani, na kijana wa kiume asiye na karatasi hushukiwa haraka. Kadi ya mpiga kura hutumika pia kama kitambulisho. Si ajabu basi kwamba wapo waliopanga foleni ya kujiandikisha wakiwaza askari wa kizuizini kuliko mgombea yeyote. Anayesoma idadi ya waliojiandikisha kaskazini kama kipimo cha mapenzi ya siasa anasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Nchi nzima, kwa hesabu za Tume yenyewe, waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 43 tu ya waliojiandikisha. Zaidi ya nusu hawakwenda, au hawakuweza kwenda.

Lakini vita peke yake havielezi kila kitu. Pwani hii ilishawahi kusema, na inakumbuka ilichojibiwa.

Uchaguzi wa Desemba 1999 ulimpa Joaquim Chissano asilimia 52 hivi na Afonso Dhlakama wa Renamo karibu 48. Renamo ilikataa. Novemba 9, 2000 wafuasi wake waliandamana katika miji mingi, na Montepuez palikuwa na mapigano yaliyoua raia na polisi. Waliokamatwa walirundikwa katika chumba cha mahabusu. Siku chache baadaye zaidi ya 80 kati yao walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa. Mtoto wa kiume wa mtu aliyefia mle ndani leo ni mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura.

Mwaka 2005 ikawa zamu ya Mocímboa da Praia. Uchaguzi mdogo wa kiti cha meya mwezi Mei ulikwisha kwa tofauti ndogo, Frelimo ikatangazwa mshindi, Renamo ikasema imeibiwa. Kufikia Septemba ugomvi ulikuwa umegeuka kuwa wa makabila: Wamwani wa pwani, ambao wengi wao walikuwa upande wa Renamo, na Wamakonde wa upande wa Frelimo. Watu waliuawa, makumi wakajeruhiwa, nyumba zikachomwa. Miaka 12 baadaye vita vya sasa vikaanzia mji huohuo. Haitakuwa kweli kusema kura zilizolalamikiwa ndizo zilizozaa vita hivi, maana vina mizizi mingi, ya dini, ya umaskini, ya ardhi na ya biashara haramu. Ila haitakuwa kweli pia kusema vijana wa Mocímboa walikulia mahali ambapo sanduku la kura lilikuwa limewahi kuwatatulia jambo.

Haki inataka na upande wa pili usemwe. Frelimo ina wapiga kura wa kweli kaskazini. Uwanda wa Mueda ulibeba vita vya ukombozi, na wapo wazee pale ambao kukipigia chama hicho ni sawa na kutaja jina la ukoo. Si kila aliyenyamaza baada ya Desemba 23 alikuwa ameibiwa. Wapo walioridhika, na wapo waliochoka tu. Hata hivyo hao wa Mueda nao wana la kuwaza. Filipe Nyusi, mtoto wa uwanda huo, alikaa ikulu miaka kumi, na ni katika miaka hiyo kumi mkoa wake ulivunjika. Gesi ya Afungi iliyoahidiwa kwao ilisimama TotalEnergies ilipoondoka Aprili 2021. Sasa rais anatoka Sofala, alikuwa gavana wa Inhambane, na ndiye wa kwanza aliyezaliwa baada ya uhuru. Chapo hana deni la kabila kaskazini, jambo ambalo lingeweza kumsaidia kama angeanza kwa kwenda kusikiliza.

Majirani nao wamejibu matokeo haya, tena mapema kuliko wapiga kura wenyewe. Rais Emmerson Mnangagwa wa Zimbabwe, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC wakati huo, alimpongeza Chapo kabla Tume haijatangaza. Mkutano wa dharura wa wakuu wa jumuiya hiyo ulifanyika Harare Novemba 20, wakati watu wanaendelea kuuawa mitaani. Siku ya kuapishwa, marais waliofika Maputo walikuwa wawili tu, Cyril Ramaphosa na Umaro Sissoco Embaló wa Guinea-Bissau. Kutokwenda ni ishara, lakini ishara haimsaidii mtu wa Macaloe. Maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia wilaya ya Nsanje nchini Malawi baada ya Krismasi walisaidiwa zaidi na wanakijiji waliowapokea kuliko na tamko lolote.

Tanzania ina wajibu wa pekee hapa, na si kwa sababu ya ujirani wa maneno. Ndiyo iliyoongoza chombo cha SADC cha siasa, ulinzi na usalama kuanzia Agosti 2024. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Kimwani ni ndugu wa Kiswahili kiasi kwamba mtu wa Mtwara akikisikia hupata maana kabla ya kuuliza. Mwaka 2021, watu wa Palma walipovuka mto kukimbia risasi, maelfu walirudishwa kupitia Negomano, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika hadharani. Huo ni ukurasa ambao Dar es Salaam haijausafisha. Na mwaka 2025 Tanzania na Malawi zenyewe zilikwenda kupiga kura, hivyo kipimo kinachokubaliwa Maputo ndicho kinachotumiwa kwao pia.

Kipimo hicho kimewahi kutumika katika ukanda huu. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, na sehemu kubwa ya mabishano ilihusu fomu za matokeo na njia zilizopita hadi Nairobi. Februari 3, 2020 majaji wa Malawi nao walifuta uchaguzi baada ya kuona fomu zilizofutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Katika nchi zote mbili jambo lililowezesha haki ni dogo na la kiofisi: karatasi ya kila kituo ilipatikana, ikasomwa, ikabishaniwa mbele ya watu. Msumbiji karatasi hizo zipo. Zinajazwa kituoni, zinasainiwa, zinabandikwa mlangoni, na mawakala wa vyama hupewa nakala.

SADC iliifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, kando ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hukumu ya Desemba 23 ilisomwa kwa Kireno, lugha ambayo kwa sensa ya 2017 karibu nusu tu ya Wamsumbiji wanaizungumza, na vijijini ni wachache zaidi. Bibi wa kisiwani ametangaziwa rais wake kwa lugha ya ofisini, na akitaka kujua kwa nini namba za Oktoba si zile za Desemba, hana pa kuuliza kwa lugha yake. Kuitafsiri hukumu hiyo kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili ni kazi ya wiki chache kwa watu wachache.

Kwa hiyo chombo cha SADC cha siasa, ulinzi na usalama kiombe mambo mawili kwa serikali ya Chapo, na kiyaombe kwa maandishi. La kwanza, matokeo ya vituo vyote, wilaya kwa wilaya, yakiwamo ya Macomia, Quissanga, Ibo, Mocímboa da Praia na Palma, yachapishwe pamoja na orodha ya vituo vilivyohamishwa au kutofunguliwa kwa sababu ya vita. La pili, hati za waliohama zitolewe sasa, mahali walipo, bila kusubiri uandikishaji wa uchaguzi ujao. Mwaka 2019 baadhi ya vituo vya Cabo Delgado havikufunguliwa kabisa, na haikujulikana waliokuwa wapige kura pale walikwenda wapi. Mwaka 2029 utafika upesi, na waliokuwa na miaka 11 walipokimbia Mocímboa mwaka 2020 watakuwa na miaka 20.