Tunataka Kumfuata Yasmin kwa Miguu

Mgeni akishuka bandarini Malindi, Unguja, kabla hajamaliza kupangusa jasho ataulizwa kama anataka kupelekwa kwa Freddie Mercury. Nyumba iko Shangani, Barabara ya Kenyatta, na tangu mwaka 2019 ni makumbusho ya kulipia. Sina ugomvi nayo. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, dunia nzima inaimba nyimbo zake, na aliyeipenda filamu ya Bohemian Rhapsody ana haki ya kusimama pale mlangoni akapiga picha. Ninachodai ni kwamba msomaji wa Kiswahili aliyetoka bara na Vuta N'Kuvute kwenye begi naye apate pa kusimama.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Kichiwa, kwenye baridi ya Njombe, ambako tukitaka mji mkubwa wa karibu tunakwenda Makambako. Nafundisha kidato cha tano na cha sita. Riwaya hiyo ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, nimeifundisha mpaka kurasa za nakala yangu zimeanza kuachia. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari. Wanaijua reli ya TAZARA, wanaijua miwati na chai na viazi, wanaijua njia panda ya Makambako ambapo malori ya Songea na ya Mbeya hupishana usiku kucha. Unguja wanaijua kwa maandishi tu. Ndiyo maana siku moja, tulipofika pale Yasmin, msichana wa riwaya hiyo, anapokataliwa na ndugu zake na kukimbilia kwa shoga yake Mwajuma, binti mmoja wa dawati la nyuma aliniuliza: "Madam, kutoka huko mjini mpaka Ng'ambo kwa Mwajuma ni mbali kama kutoka hapa mpaka stendi?"

Swali lile halikutaka jibu la kukisia. Likizo ilipofika nilipanda basi la Dar es Salaam, kesho yake nikavuka bahari, nikaenda kupima mwenyewe.

Nilikuwa nimekwisha kuiona filamu iliyotokana na riwaya hiyo. Amil Shivji aliitengeneza hukohuko Zanzibar, akamweka Ikhlas Gafur Vora kuwa Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika kuwa Denge (Mwanyika, jina ambalo kwetu Njombe halihitaji kuelezwa), na mwimbaji Siti Amina kuwa Mwajuma. Septemba 2021 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa haijalifanya tangu ilipoipeleka Maangamizi mwaka 2001. Ni filamu ya Kiswahili, ya Zanzibar ya miaka ya 1950, ya msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa ya mzee na kijana Mwafrika anayesakwa na serikali ya kikoloni. Kwa mwalimu kama mimi ilikuwa zawadi. Mambo niliyokuwa nayaeleza kwa chaki na mikono hewani, sasa yana sura, yana sauti, yana kivuli cha jioni ukutani.

Nikatembea peke yangu. Mapapasi wanaovizia wageni walinifuata hatua kadhaa, wakaona mtandio wangu na kusikia Kiswahili changu cha bara, wakaniacha. Ramani ya simu nayo haina msaada mkubwa mle ndani, maana vichochoro ni vyembamba na kile kidoti cha buluu hurukia paa la jirani. Lakini Mji Mkongwe una msaada mwingine. Kwenye baraza za nyumba wamekaa wazee. Nilimwamkia mmoja pale Sokomuhogo, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, unatafuta nyumba ya nani?" Nikamwambia natafuta mahali walipopiga picha ya Vuta N'Kuvute. Hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha kwa mkono njia mbili, akanieleza jinsi taa zilivyowashwa usiku mpaka kuku wakadhani kumekucha, akataka kujua Njombe ni upande gani wa Iringa.

Mzee yule anajua. Majirani zake wanajua. Ila siku akiondoka, hakuna mahali pengine palipoandikwa.

Hatua chache kutoka hapo iko Jaws Corner, kituo cha kahawa na dhumna na siasa. Jina lake limetokana na filamu ya papa ya mwaka 1975 ya Steven Spielberg, iliyopigwa Marekani, na papa mwenyewe amechorwa ukutani meno nje. Nililipenda jambo hilo. Watu wa mtaa waliipokea filamu ya mbali wakaipa kona yao, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Mbele ya hapo kidogo, Vuga, liko jumba la sinema la Majestic, lililojengwa upya katika miaka ya 1950 baada ya lile la zamani kuungua. Zanzibar ilikuwa inakwenda sinema kabla wengi wetu bara hatujaona umeme. Sisi wa kizazi changu filamu tuliipata Makambako, kwenye banda la video, mtu akitafsiri kwa kipaza sauti juu ya maneno ya Wachina. Na Ngome Kongwe, pale mbele ya Forodhani, ndipo tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likikusanya watu tangu mwaka 1998. Mji wenye historia hiyo ya kutazama na kutazamwa haukosi cha kuandika kwenye kibao.

Kibao sikukiona. Tanzania tunajua kukumbuka filamu pale zinapokuwa za wengine. John Wayne alicheza Hatari!, filamu iliyotoka mwaka 1962, kule Arusha, na mpaka leo Momella ipo hoteli yenye jina la filamu hiyo. The Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia mwenyewe aliwaongoza watazamaji, ilitangazwa mpaka kwenye mabango ya barabarani, na sababu yake ilisemwa wazi: mtu akiona mahali kwenye filamu, hutaka kupafikia. Ulaya wanalijua hilo zamani. Salzburg, Austria, watu bado wanamiminika kutafuta ngazi na bustani za filamu ya The Sound of Music ya mwaka 1965. Kama hoja hiyo ni kweli kwa Mmarekani na Mwaustria, ni kweli pia kwa mwanafunzi wa Njombe, tena yeye ana sababu kubwa zaidi. Atatahiniwa.

Sasa jibu la yule binti. Nilianzia Shangani, nikapita Hurumzi, nikatokea sokoni Darajani, nikavuka Barabara ya Benjamin Mkapa. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenga pande mbili za mji, baadaye ukafukiwa. Nikaingia Ng'ambo, nyumba zikawa za chini, sauti zikabadilika, mbele nikayaona majumba marefu ya Michenzani ambayo Yasmin wa riwayani asingeyakuta, kwa kuwa yalijengwa baada ya Mapinduzi. Safari nzima, pamoja na kupotea na kununua urojo, haikumaliza muda wa vipindi viwili vya darasa. Ukikata njia moja kwa moja ni dakika chache.

Nilisimama upande ule wa barabara moyo ukinienda mbio. Miaka yote nilikuwa nawaeleza wanafunzi habari za matabaka, ubaguzi wa rangi, mwanamke na ndoa, kama mtihani unavyotaka, nao waliandika vizuri. Lakini walidhani Yasmin alikimbilia mbali. Alikwenda karibu mno! Angeweza kusikia adhana ileile. Ndugu zake waliomfukuza wangeweza kumfikia kabla chai haijapoa, na hawakwenda. Ukoloni ulihitaji upana wa barabara moja tu kuwafanya watu wa kisiwa kimoja wawe wageni wao kwa wao. Niliporudi na kuwaeleza, darasa lilinyamaza, kisha wakaanza kubishana kuhusu Gulamu, mjomba wa Yasmin, kwa hasira ambayo hakuna kitabu cha mwongozo kilichowahi kuwatia.

Kwa sababu hiyo naomba iwekwe njia ya kutembelea mahali pa filamu, nayo isiishie Mji Mkongwe. Urithi wa dunia ambao UNESCO iliutambua mwaka 2000 ni wa upande wa mawe, na watalii wengi wakifika Darajani hugeuka na kurudi walikotoka. Njia ya Vuta N'Kuvute isiyovuka barabara itakuwa imekata riwaya katikati. Ivuke, iwafikie mama wauza mandazi na mafundi baiskeli wa Ng'ambo, ambao fedha za utalii huwapita pembeni.

Gharama yake si ya kutisha. Mtengenezaji wa filamu hapigi picha mitaani bila kibali, na upande wa Zanzibar lipo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni linaloshughulika na filamu. Watengenezaji wapo hai, wanakumbuka walisimama wapi. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985 na inaujua kila mlango. Wakikaa pamoja wakatoa karatasi moja ya ramani, kwa Kiswahili kwanza, ya kuchukua bandarini au kufungua kwenye simu, mtu atajitembeza mwenyewe. Vibao viwe vidogo, na vibandikwe kwa ridhaa ya wenye nyumba. Nyumba zile zina watu: wanapika, wanalea, wanaswali, na hakuna anayetaka kuchungulia nje akute kundi limeelekeza kamera dirishani. Mahali ambapo mwenyewe hataki, pasiandikwe. Mahali anapokubali, naye apate chake, hata kama ni kuuza kahawa na kashata barazani bila kusumbuliwa.

Najua waongoza wageni watasema nawanyang'anya kazi. Mtalii wa kigeni asiyejua lugha bado atawahitaji, na wengi wao wanaifahamu historia kuliko sisi walimu. Ila sisi tunaotoka Njombe, Songea, Sumbawanga, tukishalipa basi na boti hatubakiwi na ya kumlipa mtu wa kututembeza nusu siku. Lugha tunayo, na salamu tunazo. Tupeni njia tu, tutauliza barazani.

Kwa sasa darasa langu limeanza kuchora ramani yake kwenye karatasi ya manila, kwa kufuata riwaya na filamu. Wamekwama kwenye nyumba ya Mwajuma. Wavulana wanasisitiza iwe karibu na sokoni, wasichana wanasema Mwajuma asingekaa mahali pa kelele za asubuhi, maana usiku alikuwa kazini akiimba. Kama yupo msomaji wa Ng'ambo, au mtu wa timu ya Shivji, anayejua kamera ilipowekwa, atuandikie kupitia gazeti hili kabla muhula haujaisha. Nafasi tumeiacha wazi kwa penseli.