Kodi Yangu, Kampeni Yao

Mheshimiwa mmoja kasikika redioni akisema siku katiba mpya itakaporudi mezani, serikali itenge fungu la maana la kuwaelimisha wananchi "faida zake". Mtangazaji, badala ya kumuuliza swali, akaitikia: ni kweli, wananchi wetu hawajui. Nikazima redio kabla sijapaliwa na chai.

Faida zake! Na hasara zake atazieleza nani, kwa fungu la nani? Aliyekusudia kupiga Hapana kwenye kura ya maoni analipa kodi sawasawa na wa Ndiyo. Sukari ananunua na VAT yake, mafuta ya bodaboda anatia na tozo zake. Halafu fedha hiyohiyo ikachapishe mabango ya kumwambia kwamba yeye hajaelewa. Ni kama mechi ya Simba na Yanga, viingilio vya uwanja mzima vikanunue jezi za timu moja.

Ireland walilimaliza hili mwaka 1995. Serikali yao ilitenga pauni 500,000 kuipigia debe Ndiyo katika kura ya maoni ya kuruhusu talaka. Mwanasiasa Patricia McKenna akaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikatamka kwamba fedha ya umma haiwezi kubeba upande mmoja. Wiki moja baadaye kura ikapigwa, na Ndiyo ikashinda hivyohivyo, kwa kura 9,000 na ushei. Mwaka 2012 serikali ikajisahau tena, safari hii kwenye kura ya maoni ya haki za watoto, jambo ambalo hata mchawi angeona aibu kulipinga. Siku mbili kabla ya kura, mahakama ileile ikasema kijitabu cha serikali kimeegemea upande. Hata kwa watoto, marufuku.

Wapo wanaoniambia serikali ikinyamaza wananchi watapotoshwa WhatsApp. Jamani! Serikali yenye wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, redio ya taifa na televisheni ya taifa inaogopa sauti anazosambaza shangazi yangu?

Na hizo fedha zinanunua nini hasa? Kenya mwaka 2005, kwenye kura ya maoni ya katiba, Rais Kibaki na dola yake walisimama na Ndizi, alama ya Ndiyo. Chungwa, alama ya Hapana, likashinda, na Kibaki akavunja karibu baraza lote la mawaziri. Uingereza mwaka 2016 serikali ilitumia zaidi ya pauni milioni 9 kupeleka vipeperushi majumbani, watu wabaki Umoja wa Ulaya. Wakavisoma, wakatoka.

Lakini sisi fungu likitajwa tu, mate yanatujaa. Bunge Maalumu la Katiba pale Dodoma mwaka 2014, posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, na bado wakapatikana wajumbe wa kulalamika kwamba haitoshi. Haitoshi, mbele ya mwalimu anayedai malimbikizo! Kura ya maoni yenyewe juu ya katiba hiyo ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na mpaka leo haijapigwa.

Mkitaka kutuelimisha, chapeni rasimu nzima kwa Kiswahili, herufi zisomeke, nakala zifike kila kijiji, kisha mnyamaze. Wa Ndiyo wachangishane wenyewe kwa wenyewe, na wa Hapana vilevile. Fedha ya wote isimpigie debe mtu.