Bwana Shamba Anazungumza: Umeme wa Jua Katika Kibanda cha Shamba



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupanda mpunga kwa mistari. Mwezi huu tutazungumza juu ya taa katika kibanda cha shamba.

Katika Bonde la Kilombero familia nyingi huacha nyumba zao wakati wa kilimo cha mpunga. Huhamia shambani, mbali na kijiji. Hukaa huko wiki nyingi, wakilima, wakifukuza ndege na kulinda mpunga usiliwe na nguruwe mwitu. Watoto wadogo huenda pamoja na wazazi wao. Nguzo za umeme hazifiki huko. Kibatari hutoa moshi, tena huweza kuanguka. Kwa hiyo wakulima wengi sasa wananunua vyombo vya umeme wa jua. Hilo ni jambo jema.

Lakini wengine hudhani kuwa umeme wa jua hauna hatari kwa sababu haurushi mtu. Ni kweli, betri ya volti 12 haimrushi mtu aliyeishika kwa mkono mkavu. Lakini betri hiyo hiyo huweza kuunguza kibanda. Waya wa chanya (+) ukigusana na waya wa hasi (-), umeme wa betri hukimbia wote kwa pamoja. Waya hupata moto kama chuma cha mhunzi. Ukigusa nyasi za paa, kibanda kitawaka, na watoto wamelala ndani.

Kinga yake ni kitu kidogo sana. Kinaitwa fyuzi. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika kabla waya haujapata moto.

PIGA HESABU KWANZA

Kabla ya kununua, jiulize: Nataka kutumia nini? Kila chombo kina wati zake. Zidisha wati kwa saa za kutumia.

Taa 2 za wati 5, kwa saa 5: jumla ni 50.
Redio ya wati 5, kwa saa 6: jumla ni 30.
Simu 2 za kuchaji: kama 20.
Zote pamoja: 100 kwa siku.

Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 4 hutoa 200. Toa theluthi moja, kwa sababu ya joto, vumbi na mawingu. Hubaki kama 130. Basi paneli hiyo inatosha.

Sasa tutazame betri. Betri ya volti 12 na ampea 40 kwa saa huweka 480, maana 12 mara 40 ni 480. Lakini usitumie zaidi ya nusu, yaani 240. Betri ya maji au ya risasi ikimalizwa kila siku hufa upesi. Nusu hiyo inatosha usiku 2, hata kama jua halikutoka.

Betri ya gari haifai sana kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, ili kuwasha injini. Omba dukani betri ya sola. Pasi na jiko la umeme usiviweke kabisa. Pasi moja hula wati 1,000.

VYOMBO VINGINE

Nunua kidhibiti chaji cha ampea 10. Dukani watu hukiita kontrola. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi, na kuzima taa betri ikipungua sana. Nunua pia fyuzi ya ampea 10 pamoja na kikalio chake, na taa za volti 12.

Waya usiwe mwembamba. Umeme katika waya ni kama maji katika mpira. Mpira mwembamba hupitisha maji machache. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani, na taa huwa hafifu. Mwambie mwenye duka: waya wa 4 kutoka kwenye paneli, na waya wa 2.5 kwa betri na taa. Waya mwekundu uwe chanya. Mweusi uwe hasi. Usichanganye.

FUNGA KWENYE UBAO

Kibanda cha shamba si cha kudumu. Kwa hiyo funga kontrola na swichi kwenye ubao mmoja. Mavuno yakiisha, utabeba ubao wako kwenda nyumbani bila kung'oa kila kitu.

Tazama kontrola. Ina picha tatu: paneli, betri na taa. Kila picha ina mahali pa + na mahali pa -. Sasa fuata hatua hizi:

1. Vua bangili na pete. Funika paneli kwa gunia.
2. Funga fyuzi kwenye waya mwekundu wa betri, karibu na betri, isizidi shibiri moja. Fyuzi ikiwa mbali, kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakina kinga. Toa fyuzi katika kikalio kwanza.
3. Funga waya za betri kwenye kontrola, kisha kwenye betri. Rudisha fyuzi. Kontrola itawaka.
4. Funga waya za paneli. Ondoa gunia.
5. Mwisho funga waya za taa.

Kumbuka: betri kwanza, paneli ya pili, taa mwisho. Siku ya kuhama, fungua kwa kurudi nyuma: taa, paneli, kisha betri.

Paneli usiiweke chini ya mti. Kivuli cha tawi moja tu hupunguza umeme mwingi. Iweke juu ya nguzo imara, ielekee kaskazini, na iiname kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Betri ikae mbali na mafiga, mahali penye hewa, watoto wasipofika. Betri ya maji ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usiwashe kiberiti karibu yake. Maji yake yakipungua, ongeza maji ya betri ya dukani. Usitie maji ya kisima.

Jambo la mwisho. Fyuzi ikikatika, tafuta kwanza mahali waya zilipogusana. Kisha weka fyuzi mpya ya ampea 10. Usiweke kipande cha waya wala karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Taa zitawaka, lakini kinga ya kibanda imeondoka. Nunua fyuzi tatu za akiba, uzifunge kwenye ubao. Kama huna hakika na kazi hii, mwite fundi aliyesomea umeme akague kabla hujalala.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini betri ya volti 12 huweza kuunguza kibanda?
2. Fyuzi inawekwa wapi? Kwa nini?
3. Nyumbani kwako mnatumia vyombo gani? Pigeni hesabu ya wati kwa siku moja.
4. Katika kikundi chenu, nani atakagua vibanda vyote kabla ya msimu?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuanika mpunga. Kazi njema.

Bwana Shamba