Si Sisi Tuliotupa

Vijana wenzetu wa parokia,

Kuna neno ambalo tumelisikia mara nyingi mno hapa Tunda, sokoni, shuleni, hata uwanjani mwa kanisa baada ya Misa ya Dominika: "Si mimi niliyetupa." Mtu hulisema akiwa amesimama karibu na sashe ya maji iliyokwisha kunywewa, mikono nyuma, uso mtulivu, kana kwamba ametoa ushahidi mbele ya hakimu na kesi imefungwa. Tunataka kulipinga neno hilo waziwazi, kwa sababu sasa linasemwa na wanavikundi wetu wenyewe, tena kwa lugha ya haki: kila mtu aokote chake, anayeokota cha mwenzake anamfundisha uvivu.

Tuitazame haki hiyo inavyofanya kazi. Sashe iliyo chini haina jina la mtu. Aliyeitupa amekwenda zake, labda yuko njiani kuelekea Kindu, wala hatarudi kuifuata. Ikibaki pale, itaita nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, nchini Uholanzi, walifunga vikaratasi vya matangazo kwenye usukani wa baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni. Ukuta ulipokuwa safi, watu 33 kwa 100 walikitupa kikaratasi chini. Ukuta uleule ulipochafuliwa kwa michoro, waliotupa walifika 69 kwa 100. Watu walikuwa wa mji uleule na malezi yaleyale. Uchafu wa mtu mwingine uliwapa ruhusa. Basi anayesema kwamba kuokota taka za wengine kunawafundisha vibaya, akubali pia kwamba kuziacha nako kunafundisha, na mwalimu huyo hachoki usiku wala mchana.

Tusiwasingizie wazee wetu, hata hivyo. Chikwange ilifungwa majani, samaki alifungwa majani, chumvi ilifungwa majani. Aliyekula alidondosha kifungio palepale. Mbuzi wakala walichotaka, mvua ikamaliza kilichosalia. Mkono ule haukukosea. Kilichobadilika ni kifungio. Plastiki haiozi, jua huipasua vipande vidogo na mvua huvisukuma hadi kijitoni, na kutoka kijitoni hadi Lualaba. Tumebaki na desturi ya jani huku tumeshika kitu kisichokuwa jani. Kwa hiyo hatupendi mahubiri yale yanayodai kwamba watu wa siku hizi wameharibika kuliko babu zao. Tuna kitu kipya mkononi, nasi bado hatujajifunza kukiweka chini.

Serikali nayo ililiona jambo hili. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki katika nchi yetu. Amri ipo, na sashe zipo. Baadhi ya wenzetu wanasema tuishie hapo: tudai amri itekelezwe, na ufagio tuuache, maana kuokota ni kuwafunika wakubwa. Tudai, naam. Mwenye kiwanda na mwenye duka wana deni ambalo hakuna kijana wa parokia atakayewalipia kwa kuinama. Lakini tazameni Bukavu. Taka za mitaani huteremka na mvua hadi Ziwa Kivu, na maji ya ziwa huzikokota hadi pale mto Ruzizi unapotoka, zikakwama kwenye bwawa la Ruzizi I. Mashine zikizibwa, taa za mji huzimika. Ndiyo maana kuna watu wa kuopoa plastiki pale, chupa baada ya chupa. Hao sio waliotupa. Wangelisema neno letu wakaketi chini, wangelikuwa wamesema ukweli mtupu, na mama anayejifungua usiku angelijifungua gizani.

Je, kwa nini neno hili lina nguvu hivi kwetu? Tunadhani sababu si uvivu. Katika nchi hii kazi ya mikono kwa ajili ya wote ina historia chungu. Amri ya wakoloni Wabelgiji ya mwaka 1917 ilimlazimisha mkulima kutoa siku 60 kwa mwaka kwa mazao aliyochaguliwa na wengine, na asiyetii alijua kinachomngoja. Kisha, miaka ya 1970, utawala wa Mobutu ukaleta salongo: watu wakakusanywa kulima na kufagia kwa jina la taifa. Maneno yalikuwa mazuri, lakini wazee walioyasikia walitambua shokoa ileile waliyosimuliwa na baba zao. Shuleni, hadi leo, mwanafunzi aliyechelewa hupewa ufagio. Gerezani ndiyo hivyohivyo. Nasi tunaoandika haya tulifagia uwanja wa shule kwa sababu ya kuchelewa, wenzetu wakitutazama dirishani wakicheka.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kwamba anayefagia ni yule aliyekosa. Kijana anaposema "si mimi niliyetupa," hazungumzii sashe, anajitetea. Anaona kwamba akiinama, watu watamdhani mwenye hatia, au mtumwa. Na pale ufagio usipokuwa adhabu, tumeufanya kuwa kazi ya wasichana. Hili tulitamke bila kuzungukazunguka, kwa kuwa liko ndani ya vikundi vyetu. Mkutano unapozungumzia utunzaji wa mazingira, wavulana ndio wanaoshika karatasi na kusoma dondoo za waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato si', wa mwaka 2015. Mkutano ukiisha, dada zetu ndio wanaobaki kufagia maganda ya karanga ambayo wasomaji wameyaacha chini ya viti. Waraka huo wenyewe, unapofika kwenye malezi, hauoni aibu kutaja mambo madogo ya kila siku, kama kupunguza matumizi ya plastiki na kutenganisha taka. Ukurasa huo husomwa haraka sana katika mikutano yetu.

Tumefikiri pia juu ya Injili ya Yoane, sura ya 6. Watu wapata 5,000 wamekula mkate na samaki, wameshiba, wameketi majanini. Karibu sote tunakumbuka muujiza. Wachache hukumbuka kinachofuata: Yezu anawaamuru wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, nao wanajaza vikapu 12. (Mtu atasema kwamba nia ilikuwa mkate usipotee, si nyasi zisafishwe. Ni kweli, na hatutaki kuilazimisha Injili iseme lisiloandikwa.) Lakini tazameni ni nani waliotumwa. Hawakutumwa waliobakiza, ingawa walikuwa wengi na kazi ingekwisha upesi. Walitumwa Petro na wenzake. Hakuna mahali tunaposoma kwamba mmoja wao alisema vipande hivi si vyake. Wala hakuna aliyewadhania kuwa wakosaji.

Basi tunaomba mambo mawili kwa vikundi vyote vya parokia, na tunajua kwamba la pili litaleta ubishi kuliko la kwanza. Kwanza, ufagio usitumike tena kama adhabu katika kikundi chochote chetu. Aliyechelewa kwenye mazoezi ya kwaya apewe adhabu nyingine, au asamehewe. Pili, kwa miezi 3 ijayo, usafi wa uwanja baada ya Misa ufanywe na wavulana, wakianza na viongozi. Tumekwisha kuambiwa kwamba wazazi watashangaa, na kwamba kiongozi akionekana na ufagio atadharauliwa. Huenda. Kijana mmoja alituuliza, kwa unyofu kabisa, kama anaweza kufagia asubuhi na mapema kabla watu hawajafika. Tulimjibu kwamba hapana, afagie watu wakiwa wanatoka, mchana kweupe, akiwa na shati lake la Dominika.

Mifagio iko nyuma ya sakristia. Tuliihesabu wiki hii: ni mitano, na mmoja umekatika kamba. Anayejua kufunga kamba aje na kamba.